Slaimu ya nyumbani kwa vifaa vya Dar: bana kwenye gundi, toa pesa kwenye dawa

Kwa aliye kwenye basi la mwendokasi na karibu anashuka Msimbazi kwenda madukani, jibu la haraka ni hili: boksi la slaimu, lile donge laini la watoto la kuvuta na kukanda, liache dukani. Nunua kopo la nusu kilo la gundi nyeupe ya mbao, kichupa kimoja cha maji ya lenzi za macho, na pakiti ndogo ya soda ya kuokea, ile bikaboneti wanayotilia maharage yaive upesi. Vitu hivyo vitatu vinatoa madonge manne makubwa, na maji ya lenzi yanabaki.

Wazazi wengi hufanya kinyume. Wanahangaika na gundi ya bei mbaya yenye picha ya slaimu kwenye lebo, kisha dawa ya kuikaza wanaokota yoyote: unga mweupe usio na jina, sabuni ya maji, chumvi ya jikoni. Gundi nyeupe karibu zote ni ndugu. Dawa ndiyo inayoamua kama utapata donge linalovutika mkono mzima au bakuli la uji unaonata, na usalama wa mtoto pia uko kwenye dawa hiyohiyo. Kwa hiyo hapa gundi imepimwa kwa bei na tabia yake, na dawa imepimwa kwa ukali zaidi.

Kinachotokea ndani ya bakuli

Gundi nyeupe ni maji yenye nyuzi ndefu mno za plastiki zinazoitwa PVA. Zikiwa peke yake huteleza moja juu ya nyingine kama tambi zilizotiwa mafuta, ndiyo maana gundi humiminika. Boraksi (unga mweupe wa madini), au asidi ya boriki iliyotiwa soda, hutoa boreti ndani ya maji. Boreti hushika uzi huu na uzi ule, inafunga vifundo vidogo kila mahali. Vifundo hivyo si vya kudumu, vinafungika na kufunguka muda wote. Ukivuta taratibu vinapata nafasi ya kuachia na kushika upya, donge linarefuka. Ukilivuta kwa ghafla havipati nafasi hiyo, na donge linakatika kama ubao mkavu.

Vifundo vinahitaji mazingira ya magadi, yaani kinyume cha uchachu. Jambo hili moja linaeleza nusu ya matatizo yote yatakayokuja chini: kwa nini soda inahitajika, kwa nini beking poda haifai (ndani yake mna asidi), na kwa nini tone la ndimu linaharibu kazi ya nusu saa.

Gundi: ya fundi seremala inashinda

Gundi nyeupe ya mbao, ile wanayotumia mafundi wa Keko kuunga miguu ya viti, ndiyo chaguo la kwanza. Ni nzito kuliko ya shule, kwa hiyo inabeba maji mengi zaidi na bado inafunga vizuri. Ukigawa bei kwa gramu, kopo la hadiwea ni nafuu kuliko vile vichupa vya maduka ya vifaa vya shule vyenye mfuniko wa rangi. Donge lake linakuwa zito kidogo, linavutika kwa utando mpana, na halitoi maji pembeni.

Muuzaji atakuuliza, "Unagundisha nini mama, kabati au mlango?" Mwambie ukweli kwamba watoto wanachezea, na umwombe ile nyeupe ya kawaida ya kazi za ndani. Zipo mbili za kukwepa. Ya kwanza ni gundi ya mbao inayostahimili maji, ambayo mara nyingi huandikwa "water resistant" au "waterproof". Hiyo imetengenezwa ikatae maji, na ukiitia dawa inaweza kuganda mabonge kama maziwa yaliyokatika. Ya pili ni ile ya manjano. Itafunga, lakini donge ni gumu, linakatika mapema, na rangi yoyote unayotia inageuka matope.

Gundi ya shule ya chupa inafanya kazi bila tatizo kama kweli ni PVA. Shida yake ni kwamba baadhi ya chupa za bei ya chini zina maji mengi kuliko gundi. Igeuze chupa kichwa chini dukani na utazame kiputo cha hewa. Kikipanda polepole, gundi ina uzito. Kikikimbia juu kama kwenye chupa ya soda, rudisha. Bonyeza pia ubavu wa chupa, maana zilizokaa stoo ya bati kwa miezi huwa zimeanza kuganda chini.

Gundi ang'avu ndiyo inayotoa slaimu ya kioo ambayo watoto wameiona kwenye video. Inapendeza, lakini inahitaji subira: ikishakandwa inakuwa ya ukungu kwa sababu ya viputo, na inabidi ikae kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili au tatu ndipo viputo vipande na ing'ae. Ukiitikisa ovyo wakati wa kuchanganya, umejiongezea siku.

Gundi ya kijiti haifai. Gundi ya viatu, ile ya kopo yenye harufu kali, isikaribie kabisa meza ya watoto: ina vimumunyisho vinavyolewesha na kudhuru mapafu, na haitengenezi slaimu. Gundi ya matone inayoshika papo hapo inagandisha vidole. Silikoni ya mafundi vioo, ile inayonuka siki, huonekana kwenye video fulani ikikandwa na konflawa. Hiyo inaganda kabisa ikawa mpira, na mvuke wake unawasha macho. Si ya watoto.

Kuna kipimo cha dukani ambacho wauzaji wachache watakikataa ukishanunua kopo la kwanza la majaribio. Nenda na kichupa cha dawa iliyokwisha kuchanganywa (maelezo yapo chini). Weka gundi kiasi cha kijiko cha chai kwenye kifuniko cha plastiki, ongeza maji nusu kijiko, kisha dondosha dawa matone 5 na ukoroge kwa kijiti cha kiberiti. Gundi nzuri inabadilika mbele ya macho: kwanza inakuwa na nyuzi nyuzi kama mlenda, halafu inakikimbilia kijiti chote na kuacha kifuniko karibu kikavu. Ikiendelea kumiminika kama maziwa baada ya nusu dakika, hiyo si PVA ya kutosha. Kama unanunulia darasa zima la chekechea, usinunue makopo kumi kabla ya kupima moja.

Dawa ya kukaza

*Maji ya lenzi pamoja na soda.* Hii ndiyo inayopendekezwa kwa watoto wa kuanzia miaka 6. Inapatikana maduka ya miwani na famasia kubwa, na bei ya kichupa itakushtua. Lakini donge moja linatumia kijiko kimoja na nusu cha chakula, kwa hiyo kichupa cha mililita 120 kinatoa madonge matano.

Soma lebo kabla ya kulipa. Lazima iwe na maneno "boric acid" au "sodium borate". Maji ya chumvi matupu hayatafanya kitu. Na aina yenye "hydrogen peroxide" isinunuliwe kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa inachoma macho na inaweza kuwasha ngozi. Muuzaji wa miwani akikuambia "zote ni sawa tu, dada", kwa lenzi huenda, kwa slaimu hapana.

*Boraksi.* Ina nguvu, ni nafuu, na inakaza haraka kuliko zote. Masonara huitumia wakati wa kuyeyusha na kuunga dhahabu, hivyo ndiko inakopatikana kwa urahisi, pamoja na maduka ya kemikali. Matatizo yake ni mawili. Kwanza, ya kupimiwa kwenye kifuko haina lebo, na boraksi zipo zaidi ya moja: iliyokaushwa maji ina boroni (ile elementi iliyomo kwenye boreti) nyingi kwa kijiko kuliko ile ya kawaida, ndiyo sababu kipimo kilichofaulu kwa jirani kinaweza kukupa wewe mpira mgumu. Pili, ni sumu ikimezwa. Inafanana na sukari iliyosagwa au chumvi laini, na jikoni nyingi hapa mjini unga wa kila aina hukaa kwenye vifuko visivyoandikwa. Ukiinunua, iandike kwa kalamu ya wino mzito, iweke mbali na chakula, na kazi ya kuipima iwe ya mtu mzima.

*Asidi ya boriki ya unga.* Famasia nyingine wanayo. Peke yake hukaza vibaya. Inahitaji soda kiasi sawa, na ikipata soda inafanya kazi kama boraksi, pamoja na hatari zilezile. Msijaribu kuichota kwenye dawa za mende, kwa sababu nyingi zimechanganywa na sumu nyingine. Poda ya keram nayo inajulikana mitaani kama njia ya mkato. Baadhi ni asidi ya boriki kweli, nyingine ni wanga mtupu, na kopo lisilo na lebo haliwezi kukwambia.

*Sabuni ya maji.* Hapa ndipo maelekezo ya video za ng'ambo yanapotupoteza. Sabuni za kufulia za huko, baadhi, zina boreti ndani yake kwa ajili ya kulinda vimeng'enya vinavyotoa madoa. Sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani kwetu kwa ungarol na salfoniki haina. Ukiimimina kwenye gundi unapata gundi yenye povu. Wapo wanaoongeza chumvi, mchanganyiko ukawa mzito, wakadhani wamefaulu. Kilichotokea ni kwamba chumvi huifanya sabuni ya ungarol iwe nzito, kila anayetengeneza sabuni analijua hilo. Gundi haijaguswa. Kesho yake utaikuta imejitenga.

*Wanga wa nguo, dawa ya meno, shampuu.* Hapana, hapana, hapana.

Kwa nini ukali huu kuhusu boraksi

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha boroni inayoweza kutoka kwenye midoli ya kunata au ya majimaji: miligramu 300 kwa kila kilo. Piga hesabu. Kijiko cha chai cha boraksi kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi, na katika boraksi ya kawaida kama asilimia 11 ni boroni. Ukiyeyusha kijiko hicho kwenye mililita 250 za maji na ukatumia vijiko vitatu vya chakula kwa donge la gramu 250, donge lina boroni kiasi cha miligramu 80, sawa na 320 kwa kilo. Boroni hiyo ikitoka yote, limepita mpaka kidogo, na hapo umepima kwa uangalifu. Anayemimina kwa macho anafika mara mbili yake bila kujua.

Maji ya lenzi kwa kawaida hayafiki asilimia 1 ya asidi ya boriki. Hata ukichukulia asilimia 1 kamili, kijiko kimoja na nusu kinaleta miligramu 40 hivi za boroni kwenye donge la gramu 180, ambayo ni kama 220 kwa kilo. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia kwenye duka la miwani, na ina thamani yake.

Kipimo cha maji ya lenzi

Nunua famasia bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Litapima gundi, maji na dawa kwa usahihi kuliko kijiko chochote cha nyumbani, na watoto wanapenda kulisukuma. Kijiko cha chai hapa ni mililita 5, cha chakula 15. Tumia bakuli la plastiki na kijiti ambavyo havitarudi tena kwenye chakula.

Weka gundi ya mbao mililita 100 kwenye bakuli, ongeza maji mililita 50, koroga mpaka rangi iwe moja na chini pasibaki tabaka zito. Kama ni gundi ya shule, maji yawe kijiko kimoja cha chakula tu. Tia rangi sasa, matone 3 hadi 5 ya rangi ya chakula. Ukingoja donge likaze ndipo utie rangi, itabaki mistari na vidole vya watoto vitakuwa vya bluu mpaka keshokutwa. Pambo la kumetameta pia liingie hapa.

Nyunyiza soda ya kuokea nusu kijiko cha chai, koroga dakika nzima. Mabonge ya soda yasiyoyeyuka yatakuja kuwa chembe zinazokwaruza mkononi, kwa hiyo ni salama zaidi kuiyeyusha kwanza kwenye yale maji ya awali.

Kisha maji ya lenzi, kijiko kimoja cha chakula. Koroga kwa mzunguko mmoja, bila haraka. Mwanzoni utaona nyuzi zikifuata kijiti, halafu kuta za bakuli zinaanza kuachia, kama ugali unavyoachia sufuria ukikaribia kuiva. Ongeza nusu kijiko kilichobaki kidogo kidogo, kijiko cha chai kwa mara moja, na kila mara koroga nusu dakika kabla ya kuongeza kingine.

Sasa hatua ambayo wengi wanakosea. Donge likitoka kwenye bakuli bado linanata, na watu huona halijaiva wakaongeza dawa. Liache. Paka viganja matone mawili ya yale maji ya lenzi, likande dakika 3 hadi 5: likunje, livute, ligeuze. Kukanda ndiko kunakosambaza boreti iliyobaki juu juu iingie katikati. Dakika ya pili litakuwa linakera kweli, ya nne litaanza kuachia vidole lenyewe. Likiwa bado linashika baada ya dakika 5 kamili, hapo ndipo uongeze kijiko kimoja cha chai.

Kipimo cha boraksi, kwa watoto wakubwa na mtu mzima akiwepo

Yeyusha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwenye maji ya uvuguvugu mililita 250, koroga mpaka yawe maangavu, acha yapoe. Gundi ya mbao mililita 100, maji mililita 100, rangi. Tia dawa kijiko kimoja cha chakula kwa mara moja. Viwili kwa kawaida vinaanza kushika, vitatu ndio mwisho. Inashika ghafla, kwa hiyo usiwe na kijiko cha nne mkononi. Soda haihitajiki, boraksi yenyewe ina magadi ya kutosha. Mwenye ngozi yenye ukurutu au kidonda mkononi asiikande, na wote wanawe kwa sabuni wakimaliza. Dawa iliyobaki ndiyo ya kubeba kwenye kichupa cha kupimia gundi dukani. Iandike jina.

Ikiharibika

Ikikatika katika na kuwa kama raba, umezidisha dawa. Itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu dakika 2, uikande, kisha ongeza losheni au glisirini nusu kijiko cha chai. Italegea, ingawa haitarudi kuwa ile ya kipimo sahihi.

Ikiwa na maji yanayoelea pembeni, yamwage na ukande. Donge huwa limeshachukua kile linachohitaji.

Ikiwa imeyeyuka baada ya siku mbili, usishangae, hii ni Dar. Donge lililofanya kazi vizuri saa mbili asubuhi linaweza kutambaa mezani saa nane mchana mwezi wa pili, kwa sababu joto linalegeza vifundo na jasho la viganja linaongeza maji na uchachu. Wakati wa masika unyevu wa hewa unafanya hivyohivyo polepole. Lihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, ndani ya friji kama unayo, na kabla ya kuchezea lipake matone machache ya dawa. Lisilofunikwa hukauka na kuwa gamba kwa siku moja. Likianza kunuka uvundo au kuonyesha madoa meusi, ni kuvu: tupa. Donge linalochezewa kila siku na watoto watatu likifika wiki mbili limejitahidi.

Kwa mwalimu, uharibifu wenyewe unaweza kuwa somo. Chukua kipande kama punje ya korosho, weka kwenye sahani, kamulia ndimu matone manne na ubonyeze kwa kijiti. Ndani ya dakika moja kinalegea na kurudi kuwa gundi ya kumiminika. Nyunyiza soda: kitatoa povu, na povu likiisha, koroga, kitaanza kushika tena. Watoto wa darasa la tatu wakiona mara moja hawasahau ndimu imefanya nini.

Maboksi na makopo ya dukani

Maboksi ya kutengeneza mwenyewe huja na vichupa viwili au vitatu vya gundi, kifuko cha unga au kichupa cha dawa, pambo na kijiko. Kasoro kubwa ni kifuko kisicho na jina la kilichomo wala uzito wake. Hujui unampa mtoto nini na huwezi kurekebisha kipimo. Gundi nayo ni kidogo, na madonge yanayotoka yanatosha kiganja cha mtoto wa miaka 5, ambaye kwa umri huo hafai kupewa. Kama ni zawadi na lazima iwe boksi, chagua lenye orodha ya viambato.

Slaimu iliyo tayari kwenye kopo, yenye harufu ya stroberi au ndizi, ina faida ya kutochafua meza. Hasara ni hiyohiyo harufu: mtoto mdogo ataionja.

Lipo pia kopo dogo la bati au yai la plastiki lenye kitu kinachofanana na slaimu lakini kizito zaidi, kinachodunda kama mpira kikirushwa chini. Hicho ni kitu kingine kabisa. Ni silikoni iliyokazwa kwa asidi ya boriki, haina maji, haikauki wala haioti kuvu. James Wright wa kampuni ya General Electric alikipata mwaka 1943 wakati Marekani ikitafuta mpira wa bandia kwa ajili ya vita, kikakosa kazi mpaka Peter Hodgson alipoanza kukiuza kama mdoli mwaka 1950, ndani ya mayai ya plastiki, kwa jina la Silly Putty. Wanaanga wa Apollo 8 walikwenda nacho mwaka 1968 kushikiza vifaa visielee. Jikoni hukitengenezi. Ukikipata cha kweli kinunue, maana kwa joto letu kinadumu miaka ambapo slaimu inadumu siku. Kasoro yake moja ni nywele na nguo: hakitoki kwa maji.

Kwa wadogo chini ya miaka 6

Wasipewe slaimu ya aina yoyote hapo juu. Wapewe konflawa: vikombe viwili vya konflawa kwa kikombe kimoja cha maji, maji yaingie kidogo kidogo. Ukiipiga ngumi ni jiwe, ukiilegezea mkono ni uji. Haihitaji dawa, na akilamba amelamba wanga mbichi tu. Sembe haifanyi hivi, wala unga wa ngano, kwa sababu vina vitu vingine mbali na wanga. Inachacha haraka, kwa hiyo ni ya siku moja.

Kusafisha

Slaimu ya gundi kwenye kanga, mkeka au kochi la kitambaa isisuguliwe kwa maji kwanza. Loanisha kwa siki ya uvuguvugu, ngoja dakika 10, ikwangue kwa kijiko, kisha fua kwa sabuni. Siki inafungua vifundo kama ndimu ilivyofanya kwenye sahani. Kwenye nywele, siki iliyozimuliwa na maji, macho yakiwa yamefunikwa, halafu kondishena na chanuo la meno mapana. Iliyokauka kabisa kwenye kapeti igandishe kwanza kwa barafu ndani ya mfuko wa plastiki, itavunjika vipande vya kuokota. Mabaki yaende kwenye takataka yakiwa yamefungwa kwenye mfuko. Yakipita kwenye sinki yatakaa kwenye kona ya bomba na kukusanya mafuta yote ya jikoni, na fundi bomba hatakuwa na haraka.